Sufuria ya Dang'a

Mimi ndama nawajua. Nasema wazi, sina sababu ya kujishusha. Shule niliiacha darasa la nne, lakini ng'ombe akisimama mbele yangu namsoma kuanzia pembe hadi kwato, na ndama akilala vibaya asubuhi nimeshajua mchana atakuwaje. Mume wangu alitoa ng'ombe kwa baba yangu ili anipate, nami nimemrudishia wote na zaidi, kwa mikono hii, kwa kulea ndama. Nikimkumbusha hilo anacheka tu.

Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo. Lingempata mtu asiyejua ng'ombe, nisingeshangaa.

Kwetu ni ng'ambo ya Busisi ukitokea Mwanza. Zizi letu limeegemea kilima cha mawe, na chini kidogo ni ziwa, ambako watu wanaanika dagaa juu ya miamba. Upepo ukigeuka, hata maziwa ya kwenye kikombe yananuka dagaa. Wajukuu zangu wa mjini wanaziba pua. Nawaambia hiyo ndiyo harufu ya kwenu, izoeeni.

Ng'ombe tuliokuwa nao miaka yote ni wa kienyeji, wafupi, wenye nundu, na maziwa yao hayajazi ndoo. Kumkamua ng'ombe wa namna hiyo ni sawa na kumbembeleza mtu mwenye hasira. Unamleta ndama kwanza, ananyonya, mama yake anayaachia maziwa. Ndipo unamfunga ndama kwenye mguu wa mbele wa mama, mama anamlamba mgongo, na wewe unakamua haraka haraka. Chuchu moja unamwachia mwenye mali. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake.

Kisha kuna maziwa ya kwanza, yale ng'ombe anayotoa akishazaa tu, mazito, ya manjano kama kiini cha yai. Tunaita dang'a. Kwenye ukoo wetu mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye anayeyapika. Yanatiwa chumvi kidogo, yanachemka taratibu mpaka yanaganda, na watoto wa nyumba ile wanakaa chini kuzunguka sufuria wanakula kwa mikono. Nje ya boma hayatoki. Jirani hapewi, hata akiwa na mimba na roho inayataka. Mimi nilikula sufuria ya bibi yangu, wanangu wakala ya kwangu, na nilikuwa nasubiri siku ya kuwapikia wajukuu.

Siku hiyo ililetwa na mkwe wangu wa Kiseke, mjini Mwanza, baba wa wajukuu hao. Ni mtu mzuri, ila anapenda kufundisha. Alituletea mtamba wa chotara mwenye mimba, mweusi wa madoa meupe, kiwele kimeshaanza kujaa. Alimshusha kwenye gari kwa uangalifu kama anashusha friji.

"Mama," akasema, "huyu si kama wale wa hapa. Ndama akizaliwa msimwache anyonye. Mtengeni, mumnyweshe kwa ndoo. Ng'ombe akishazoea kunyonyesha, hatakubali kukamuliwa bila ndama."

"Sawa, baba. Nimesikia," nikamjibu kwa heshima, maana mkwe ni mkwe. Moyoni nikasema, kijana, nimeanza kukamua kabla hujaota meno. Lakini maneno yake niliyashika. Nilitaka ng'ombe huyu afanye vizuri hadi mkwe aje aniulize mimi siri yake.

Akazaa Jumapili, mwezi wa Desemba, wajukuu wakiwa wamekuja likizo. Wenzangu wote walikwenda kanisani. Nilibaki na mjukuu wangu mkubwa, msichana wa darasa la pili, aliyesema tumbo linamuuma. Nilijua ni uongo. Alitaka kuona ng'ombe akizaa.

"Bibi! Miguu inatoka!"

"Punguza kelele, utamtisha."

"Mbona amefungwa kwenye mfuko wa nailoni?"

"Siyo nailoni. Ndiyo nguo aliyosafiria."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Ndama akaanguka na maji yake, jike, mweusi, na alama nyeupe kwenye paji la uso kama mtu alimpaka unga kwa kidole. Mama yake akageuka kumlamba. Mtoto akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, huyu ni wa nani?"

"Nani alimwona wa kwanza?"

"Mimi."

"Basi ni wako."

Alinishika mguu akaukumbatia. Miguu yangu ilikuwa na damu na mavi ya ng'ombe, hakujali.

Basi nikafanya kama mkwe alivyosema. Nikambeba ndama kifuani, nikampeleka kwenye kibanda upande wa pili wa nyumba, kabla hajashika chuchu. Nikarudi kukamua. Jamani, kiwele kile! Maziwa ya manjano yalishuka kwa nguvu, ndoo ikalia, nikajikuta naimba. Ndama nikampelekea maziwa ya ng'ombe wetu mwingine, wa kienyeji, aliyekuwa anakamuliwa tangu mvua za masika. Tulikua tukiambiwa kwamba dang'a ni nzito, inamharisha ndama. Nikamtia vidole viwili mdomoni, akavinyonya, nikamshusha taratibu hadi pua ikagusa maziwa, akavuta. Alijifunza ndoo hapo hapo. Tumbo likajaa. Nikasema, mnaona? Mambo ya kisasa nayo nayaweza.

Dang'a yote ikaenda jikoni.

Walipotoka kanisani wakakuta sufuria. Wajukuu walikula wakinyang'anyana. "Bibi, ni kama keki," mkubwa akasema, na alipomaliza akaingiza kichwa ndani ya sufuria kulamba pembeni. Mume wangu akamalizia ukoko. Jioni nikakamua tena, nikapika tena. Jumatatu vile vile. Nilijiona mwanamke mwenye nyumba kweli kweli, ninayewalisha damu yangu kitu ambacho hakiuzwi sokoni Nyamagana wala wapi.

Jumanne ndama hakuinuka.

Masikio yalikuwa yamelala, pua imekauka, na nyuma amejichafua uharo mweupe unaonuka kuoza. Nikamtia vidole mdomoni. Ulimi ulikuwa wa baridi. Ulimi wa ndama ukiwa wa baridi, mimi najua maana yake. Nikamwita mume wangu.

Mume wangu akampigia simu mtaalamu wa mifugo wa kata. Akaja na pikipiki, binti mdogo tu, buti hadi magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akainua mkia, akafunua fizi, akavuta ngozi ya shingo akaiachia, nayo ikachelewa kurudi. "Dang'a alipata lini?"

Nikaanza kufungua fundo la kamba ambalo halikuwa na haja ya kufunguliwa. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni. Akajibu yeye, kwa furaha ya mtoto anayejua jibu darasani:

"Dang'a tulikula sisi! Bibi alipika na chumvi. Mimi ndiye niliyelamba sufuria."

Binti akanitazama. "Yote?"

"Yote," mtoto akasema. "Ukoko alikula babu."

Mume wangu akageuza uso akaangalia ziwa.

Yule binti hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema polepole, huku akivuta dawa kwenye bomba la sindano, kwamba ndama anazaliwa mtupu, hana cha kupigana na ugonjwa, na kinga yake yote iko kwenye maziwa yale ya mwanzo. Asipoyapata siku ileile anabaki mtupu.

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mama yangu alipika dang'a maisha yake yote na ndama wake walikuwa kama mapipa. Lakini hapo hapo nilimwona akilini mama yangu anatoka asubuhi na kibuyu chake, na ndama amelala ubavuni mwa mama yake, mdomo una povu la maziwa. Ndama wa mama yangu walikuwa wameshanyonya. Walinyonya peke yao kabla yeye hajaamka, naye alichukua ziada. Hakutuambia wanyonye kwanza kwa sababu hakukuwa na haja ya kusema. Nani angewazuia? Mkwe naye hakunieleza kwamba maziwa ya kutia kwenye ndoo ni yale ya mama yake, kwa sababu alidhani nitatia nini kingine? Mimi nikachukua nusu ya mama yangu na nusu ya mkwe, nikazifunga pamoja, na katikati ndama akabaki hana kitu. Kama ningefuata ya mama peke yake, angekuwa mzima. Kama ningefuata ya mkwe na kuuliza swali moja tu, angekuwa mzima. Lakini mimi siulizi. Mimi ndama nawajua.

"Kuna ng'ombe aliyezaa karibuni hapa jirani?" binti akauliza. "Ombeni dang'a. Wakati wake umepita, haitafanya kazi yote, lakini itamsaidia tumbo. Na maji ya sukari na chumvi kila mara."

Mtoto akanivuta kitenge. "Bibi, kwa hiyo tulikula ya kwake?"

"Nenda kalete maji," nikamwambia.

Alikwenda. Aliporudi hakuuliza tena, na furaha ya mlangoni ilikuwa imemtoka usoni. Hiyo niliiona.

Ng'ombe aliyezaa alikuwepo. Alikuwa kwa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, na mtu mwingine yeyote ningemwendea nikiimba. Huyu, zamani alipokuwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, alikuja kwangu akiomba kijiko kimoja cha dang'a. Nilimwambia haitoki nje ya boma. Alirudi nyumbani akilia. Nilikuwa nafuata mila, na pia, niseme kweli, nilifurahia kuwa na kitu ambacho mwenzangu anakitaka.

Nilimkuta anachambua maharage uani na wakwe zake wawili.

"Mayu," akaniita, kama tunavyomwita mama kwa heshima, ila yeye alilivuta neno, "leo umeshuka? Umekuja kuomba moto?"

"Nimekuja kuomba dang'a. Ndama wangu anakufa."

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Sikusikia vizuri."

"Dang'a."

"Haitoki nje ya boma. Nani aliniambia maneno hayo?"

"Mimi."

"Nikiwa na tumbo kama hili?" Akaonyesha kwa mikono, kubwa kuliko lilivyokuwa.

"Kama hilo."

"Ulinipa?"

"Sikukupa."

"Na ya kwako imekwenda wapi, wewe mwenye ng'ombe wa kizungu anayejaza pipa?"

Ningeweza kudanganya. "Tumeila."

Wakwe zake wakainamia maharage, mabega yanatikisika. Yeye alicheka waziwazi, akapiga paja. Kisha akainuka, akaenda zizini, na nikasikia maziwa yanagonga plastiki. Akarudi na kidumu kimejaa dang'a, ya manjano, ya moto.

"Wewe sikupi," akasema. "Nampa ndama. Yeye hajanikosea. Na ukipika hii, nakuja na fimbo mbele ya mumeo."

Njiani nilikifunika kidumu kwa kitenge. Vumbi halikuwepo, mvua ilikuwa imenyesha. Nilificha nisionekane nimebeba nini.

Siku zilizofuata tuliishi kibandani. Mimi nilitia vidole mdomoni mwa ndama na kusubiri, na mtoto alikipakata kichwa. Mara ya kwanza hakuvuta kabisa; maziwa yalipita pembeni ya midomo yakalowanisha gauni. Nikasugua ulimi kwa chumvi. Nikamsugua mgongo kwa gunia, kwa nguvu, kama mama anavyomlamba, na mama mwenyewe huko zizini alikuwa analia, sauti imeshakauka, na kila akilia mtoto ananitazama. Wadogo zake walikwenda ziwani kuogelea. Yeye hakwenda. Jua likihama tunamburuta ndama kwenye gunia tulifuate. Nilimwona akimnong'oneza sikioni, nikajifanya nasafisha ndoo.

Asubuhi moja nilipoingiza vidole, ulimi ulikuwa wa moto, unakwaruza kama msasa, na akavuta hadi mkono ukaniuma. Kisha akaipiga ndoo kichwa. Mtoto akapiga kelele, babu akaja mbio akidhani ndama amekufa.

Alipona. Watu wakaja kuona. "Bibi ana mikono," wakasema. Hata jirani alikuja, akamtazama ndama, akanitazama, akasema, "Haya," akaondoka. Mkwe alipopiga simu, mwanawe alimweleza yote, sufuria na ukoko. Kisha nikapewa simu.

"Mama, pole sana. Ni kosa langu, sikueleza vizuri."

Mkwe hawezi kumfokea mama mkwe. Alichukua kosa langu akalivaa yeye, kwa adabu, nami nikaitikia, "Si kitu, baba." Nikamrudishia mtoto simu. Bado naisikia sauti yangu: si kitu, baba.

Kupona alipona, kukua ndiko kulikomshinda. Likizo ikaisha, watoto wakavuka na kivuko kurudi mjini, na yule ndama akabaki vilevile: kichwa kikubwa, tumbo limening'inia, manyoya marefu yasiyong'aa kama mkeka wa zamani. Nilimpa pumba, nikamkatia majani ya kando ya ziwa, nikampa dawa ya minyoo. Chakula kilipotelea ndani yake. Na kunifuata sasa! Nikienda chooni yuko nyuma, nikichambua mchele ananipumulia shingoni. Vidole vyangu ndivyo chuchu aliyoijua, basi ananitafuta mimi. Watu wakipita wanasema, tazama anavyompenda. Mimi kila aninyonyapo vidole nataka kuvichomoa, na sivichomoi.

"Huyu hatabeba mimba," mume wangu alisema mwaka huu. "Nyonga zake hazitoshi. Tumpeleke mnadani angali na nyama."

"Huyu si wako. Ni wa mtoto."

"Mtoto atapewa mwingine."

"Haendi."

Alidhani ni mapenzi, akaacha.

Mama wa ndama akapata mimba nyingine, na wajukuu wakaja tena likizo. Safari hii walipita juu ya daraja jipya. Mkubwa alisema walivuka hata juisi haijaisha kwenye chupa. Amerefuka, ameota meno makubwa. Alikwenda moja kwa moja zizini, nami nyuma yake.

"Bibi, huyu ndiye yule?"

"Ndiye."

Akasimama ubavuni mwake, akajipima naye. Alipoondoka likizo ile mgongo wa ndama ulimfika tumboni; sasa haukupita kiuno. "Nimemzidi kukua," akasema. Akamkuna paji la uso, penye alama ya unga.

Ng'ombe alizaa mchana, jike tena. Nilimwacha amlambe mtoto wake nusu ya mchana, mkwe aseme atakavyo. Kisha nikakamua, nikampeleka ndama na ndoo kibandani. Nilipoinua kichwa, mjukuu wangu alikuwa ameleta kigoda ameketi mlangoni mwa kibanda, mikono juu ya magoti.

Nilidhani anamtazama ndama. Alikuwa anatazama mikono yangu. Nikahama na ndoo, macho yakahama. Nikageuka kuchukua kitambaa, akanyoosha shingo aone kama ndoo imebaki pale pale. Mtoto ananilinda. Kwenye banda langu mwenyewe, na ng'ombe wangu, ananilinda kama mtu anayelinda kuku asiibiwe. Mama yake angenifanyia hivyo zamani, angepata kofi na asingelala na hamu ya lingine.

Nikamtia ndama vidole mdomoni, akashuka, akanywa dang'a ya mama yake. Alipoinua pua, niliinamisha ndoo upande wa mlangoni, chini kabisa kuonekane.

"Amemaliza?" akauliza.

"Amemaliza. Jioni anapewa tena."

"Nitakuja."

"Njoo."

Dang'a nyingine ilikuwa imebaki kwenye ndoo kubwa, nzito, ya manjano. Yule binti wa mifugo alishatuambia ziada inaweza kupikwa bila tatizo. "Imebaki nyingi," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya bibi, ilikuwa ya mtu anayeomba. "Niwapikie?"

Akafikiri. Alikuwa anaikumbuka ile ladha, niliona koo lake likimeza mate.

"Hapana. Tumpe yule."

Akachota kwa bakuli, akaibeba kwa mikono miwili, taratibu isimwagike, hadi kwa yule ndama wake aliyedumaa, aliyesimama kwenye jua na tumbo lake. Akaliweka chini ya pua. Yule akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Mtoto akalisogeza tena. "Kunywa, ni ya kwako." Hakutaka. Hakuijua tena. Akamzunguka mtoto, akanijia mimi, akatafuta mkono wangu ndani ya kitenge hadi akaupata.

Mtoto alibaki ameshika bakuli, anatutazama wote wawili. Nami nilimwachia vidole anyonye.